Miguu ni ya Kumwongoza Farasi, Si ya Kujishikilia: Mwongozo wa Mpandaji Anayeanza

Ukipandishwa farasi kwa mara ya kwanza, iwe ni kwenye uwanja wa sikukuu mjini au kwenye shamba la rafiki kule Njoro, hakosi mtu wa kukuambia, "Bana miguu usianguke!" Anakutakia mema, lakini ushauri huo ndio unaoangusha wengi. Farasi humhisi inzi mmoja tu akimtua ubavuni. Utaiona ngozi ikitetemeka pale pale alipotua, kwingine kote kumetulia. Sasa mtu mzima akimbana mbavu kwa nguvu zake zote, farasi aliyefunzwa anaelewa jambo moja: nenda. Basi anaenda. Mpandaji anaogopa, anabana zaidi, farasi anaongeza mwendo, na mwisho wa yote ni vumbi mdomoni.

Ndiyo maana hapa tunaanza na kukaa, miguu baadaye. Mguu unaotumika kujishikilia hauwezi kusema kitu cha maana, kwa sababu unapiga kelele muda wote. Ukishajua kukaa bila kuutegemea, ndipo unakuwa huru kumwambia farasi songa, geuka, sogea kando au tulia.

Wanaojifunza huku Kaunti ya Nakuru wana bahati. Farasi wamekuwepo Njoro, Gilgil na Naivasha tangu walowezi walipowaleta mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo kuna mashamba yenye masaisi, yaani watunza farasi, waliolelewa na kazi hiyo. Njoro ndiko alikokulia Beryl Markham, aliyekuwa mfunzaji wa farasi wa mbio kabla ya kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Kwa hiyo tafuta mwalimu au saisi mzoefu na farasi mpole, mwenye umri wa kutosha kuwa ameshaona kila kioja. Mwongozo wa kusoma haushiki kamba wewe ukiwa juu.

Kabla ya kupanda

Helmeti kwanza. Ile ya bodaboda haifai: ni nzito, inaelemea shingo, na zile za kufunika uso zinakuziba masikio na kukunyima kuona pembeni. Nunua au azima helmeti ya kupandia farasi, ikae sawa kwenye paji la uso, na mkanda wa kidevuni ufungwe. Ikishagonga chini kwa nguvu, usiivae tena hata kama haionyeshi ufa.

Kiatu kiwe na kisigino kifupi cha kama sentimita 2 hadi 3 na soli isiyo na makucha. Kisigino huzuia mguu usipenye wote kwenye kikuku, yaani kile chuma cha kukanyagia. Soli laini huuacha uchomoke ukianguka. Gambuti za shambani zina kasoro mbili: ni pana, na soli zake zina meno yanayonasa. Kunasa mguu kwenye kikuku huku farasi anakimbia ni hatari kuliko kuanguka kwenyewe. Hakikisha ukikanyaga kikuku kinabaki na nafasi ya upana wa kidole pande zote mbili za kiatu.

Uzito nao ujadiliwe bila haya. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mzigo wote, mtu pamoja na tandiko, usizidi kama asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 mwisho wake ni kilo 90 hivi. Ukizidi hapo, omba farasi mkubwa zaidi. Farasi anayeelemewa hawezi kukusaidia kujifunza usawa.

Mkanda wa tumbo unaoshika tandiko uukaze polepole, tundu moja moja, kisha umtembeze farasi hatua chache na uukaze tena, maana wengi hujaza tumbo wanapofungwa. Urefu wa vikuku unaupima ukiwa bado chini: weka ncha za vidole pale mkanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, nyosha mkono, na kikuku kifike kwapani. Ni kipimo cha kuanzia tu, utakirekebisha ukiwa juu. Ukikaa miguu ikining'inia bure nje ya vikuku, chuma kiwe usawa wa kifundo cha mguu.

Panda kutoka kwenye kitu kilichoinuka: gogo, jiwe, ngazi fupi iliyo imara. Kujivuta kutoka chini kunapinda tandiko na kuumiza mgongo wa farasi. Na usijitupe juu ya tandiko kama gunia. Shuka taratibu, ukijishikilia kwa mikono mpaka makalio yaguse.

Kukaa: kazi yote iko hapa

Sehemu hii irudie hata baada ya mwaka mzima wa kupanda.

Chini ya makalio yako kuna mifupa miwili. Kaa kwenye kiti cha mbao, weka viganja chini yake, utaisikia. Hiyo ndiyo miguu yako halisi ukiwa juu ya farasi. Uzito uwe umegawanyika sawasawa kati ya wa kulia na wa kushoto. Ukiinamia mbele, unaiacha mifupa hiyo na kukalia mapaja. Ukijilaza nyuma, unakalia mkia wa mgongo, na miguu inateleza kwenda mbele kana kwamba uko kwenye kochi.

Mtu anayekutazama kwa ubavu aweze kuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka sikio, kupitia bega na nyonga, hadi kisigino. Jaribio lake ni rahisi: je, farasi akiondolewa ghafla chini yako, ungetua kwa miguu yako ukiwa umesimama magoti yamekunjwa kidogo? Ungeanguka kifudifudi, basi miguu imeenda nyuma mno. Ungekaa chini kwa kishindo, imeenda mbele mno.

Paja liningʼinie kutoka kwenye nyonga, zito, limelala kwenye tandiko. Goti liguse tandiko bila kubana. Goti linalobana hugeuka bawaba: mguu wa chini unarukaruka huku na huku, na mwili unasukumwa juu kila farasi anapopiga hatua. Kanyaga kikuku kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, kisha uache uzito utiririke hadi kisigino kishuke kidogo. Nimesema uache, kisigino kinachosukumwa chini kwa nguvu hukaza kifundo, na kifundo ndicho kinachomeza mtikisiko.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5. Ukikiinamisha kutazama masikio ya farasi au, wengi hufanya hivi, kutazama mguu wako kama uko mahali pake, kilo hizo zote zinahama mbele. Tazama unakoelekea: nguzo, mti, ukingo wa kreta ya Menengai ukiwa upande wa kuuona.

Wakazi wengi wa Nakuru wana tabia moja wanayokuja nayo kutoka barabarani. Abiria wa bodaboda hubana kiti kwa magoti na kulala pamoja na pikipiki kwenye kona. Juu ya farasi yote mawili ni makosa. Pikipiki inahitaji kulazwa ili igeuke. Farasi anahitaji ukae wima ili naye asimame wima juu ya miguu yake minne. Ukijilaza ndani ya kona unammwagia uzito begani, na atalazimika kuharakisha hatua ili asianguke pamoja nawe.

Mikono isiwe kishikio. Hatamu zinaishia kwenye lijamu, chuma kilicho kinywani mwa farasi, na kila unapoyumba na kujivuta kwazo unamuumiza. Mfungie farasi mkanda shingoni, hata mkanda mkuukuu wa kikuku unatosha, na ushike huo unapopoteza usawa. Singa za shingoni nazo ni za kushikwa; kuzishika hakuna aibu yoyote.

Mazoezi kwenye kamba ndefu

Mwalimu asimame katikati na amzungushe farasi kwa kamba kwenye duara la kama mita 20, wewe ukiwa huna kazi ya kumwongoza. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Duara huchosha viungo vya farasi na nyonga zako pia.

Anza kwa mwendo wa kutembea. Toa miguu kwenye vikuku, uvikunje mbele ya tandiko vikae mkasi shingoni. Inua mikono pembeni, izungushe, gusa kidole cha mguu wa kinyume, gusa kiuno cha farasi nyuma yako. Kisha fumba macho. Utasikia nyonga zako zikishuka kwa zamu, kulia, kushoto, kulia. Nyonga inayoshuka inaonyesha kwamba mguu wa nyuma wa farasi wa upande huo unasogea mbele, kwa sababu tumbo lake linaupisha kwa kuyumba upande wa pili. Sema kwa sauti "kulia, kushoto" na mwalimu akusahihishe. Usiliruke zoezi hili, utalihitaji tukifika kwenye kutumia miguu.

Kisha rudisha vikuku, simama juu yake magoti yakiwa yamelegea, kifua kimeinama kidogo, mkono mmoja kwenye singa. Tembea hivyo nusu duara, baadaye duara zima, baadaye kwa mchakamchaka. Ukijikuta unaangukia mbele, miguu iko nyuma. Ukiangukia tandiko, iko mbele. Farasi mwenyewe anakusahihisha, na hachoki kurudia.

Kuna zoezi la zamani la kuweka noti kati ya goti na tandiko, na ikibaki mpaka mwisho wa somo ni yako. Linafurahisha watoto, na shilingi hamsini ni shilingi hamsini, lakini linafundisha kile kile tunachojaribu kukiondoa. Mimi silitumii.

Mguu unasema nini, na unasemea wapi

Kinachosema ni upande wa ndani wa shavu la mguu, chini ya goti. Kisigino ni cha msisitizo tu. Vidole vitazame mbele au nje kidogo. Vikitazama nje kabisa, kisigino kinamchoma farasi bila kukusudia kila anapopiga hatua.

Mguu ukiwa pale kwenye mkanda wa tumbo, ujumbe ni: songa mbele. Mguu mmoja pekee pale pale humwambia akunje mbavu zake kuuzunguka mguu huo. Ukiurudisha nyuma kama upana wa kiganja, unazungumza na sehemu yake ya nyuma: ama isogee upande wa pili, ama isitoke nje ya njia. Mguu urudi nyuma kutoka kwenye nyonga, paja zima likihusika. Ukiukunja goti tu, kisigino kinapanda na wewe unainama mbele.

Nguvu yake ina ngazi. Kwanza jinyooshe na uache miguu ilale kwenye mbavu kwa uzito wake tu. Hajajibu? Bonyeza, kama unavyokamua sifongo, kwa muda wa hatua moja. Bado? Gusa kwa kishindo kidogo cha miguu yote miwili. Bado? Gusa kwa fimbo nyuma tu ya mguu wako, mara moja, kwa uwazi. Na kila ukianza ombi jipya, anza tena kwenye ngazi ya kwanza. Anayeanzia kwenye teke anamfundisha farasi kusubiri teke.

Halafu kuna jambo ambalo nikilazimishwa kufundisha moja tu nitafundisha hilo: akijibu, acha. Papo hapo. Farasi hajifunzi kutokana na kubonyezwa, anajifunza kutokana na kubonyezwa kukoma, huko kukoma ndiko kunakomwambia "umepatia." Ukiendelea kubonyeza baada ya kujibu, umemwadhibu kwa utiifu. Farasi wengi wanaoitwa wazembe kwenye viwanja vya kukodisha walifundishwa uzembe huo na miguu isiyonyamaza.

Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, aliwahi kupiga teke mpaka akatokwa na jasho, farasi amesimama anatazama mbali.

"Mzee, huyu hataki kwenda."

"Hataki, mama, au hakusikii?" saisi akamjibu. Akaja, akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauondoa kidogo kwenye mbavu, akauacha uningʼinie. "Sasa pumua. Haya, mguse kidogo."

Farasi akaondoka.

Wakati nao una uzito wake. Mguu wa nyuma wa farasi unaweza kubadilishwa ukiwa hewani. Ukishakanyaga umebeba mzigo, hauna pa kwenda. Ndiyo sababu ya lile zoezi la kufumba macho. Nyonga yako ya kulia inaposhuka, mguu wake wa nyuma wa kulia uko hewani, na mguu wako wa kulia tayari unafuata tumbo linaloyumba kwenda kushoto. Bonyeza hapo. Hutahitaji hata nusu ya nguvu uliyozoea.

Kuondoka na kusimama

Kuondoka: fupisha hatamu ziwe na mguso mwepesi, tazama mbele, bonyeza miguu yote miwili kwenye mkanda, na mara hiyo hiyo legeza vidole ili kichwa chake kipate nafasi. Usipige teke huku unavuta hatamu. Ni sawa na kufungua mlango na kumsukuma mgeni nje huku umemshika shati.

Kusimama kunahitaji miguu pia, na hili huwashangaza wengi. Jinyooshe, acha nyonga zisimame badala ya kufuata mwendo, funga mapaja kidogo, kunja vidole kwenye hatamu, na miguu ya chini ibaki imegusa mbavu kwa upole. Mguso huo unaileta miguu ya nyuma chini ya mwili wake, naye anasimama kwa minne yote. Akivutwa kwa mikono tu, anasimama kwa kichwa kuinuka na mgongo kuzama, na wewe unatupwa mbele.

Kugeuka

Tuseme unageuka kushoto kwenye lile duara la mita 20. Geuza macho, halafu kifua, kushoto. Mguu wa kushoto uko kwenye mkanda, ukimwambia azungushe mbavu zake pale. Wa kulia umerudi nyuma kidogo, umekaa kama ukuta, usiruhusu makalio yake yatoke nje ya duara. Hatamu ya kushoto inaonyesha njia kwa kiasi cha kuliona pembe la jicho lake la kushoto, basi. Ya kulia inazuia bega la kulia lisikimbie.

Kosa la kila mtu ni kuvuta hatamu ya ndani, yaani ya upande unaogeukia. Shingo inakunja, kichwa kinafika karibu na goti lako, na farasi mzima anaendelea kwenda moja kwa moja kwa bega la nje. Hilo likitokea, legeza mkono wa ndani, funga mguu na hatamu za nje, na umgeuze kwa kumsukuma bega kutoka nje kuingia ndani.

Kusogea kando, na geti la shamba

Simamisha farasi akitazama ua. Rudisha mguu wa kushoto nyuma ya mkanda, bonyeza, na miguu yake ya nyuma ipige hatua moja kwenda kulia huku ya mbele ikikanyaga pale pale. Acha. Msifu. Omba hatua nyingine. Hatua moja moja, na mwili wako usilale upande wowote. Ukiona anatembea mbele badala ya kando, mguu wako ulikuwa mbele mno au mikono imelala.

Hili lina kazi yake shambani. Ukitaka kufungua geti bila kushuka, mpange farasi sambamba nalo, komeo likiwa karibu na goti lako. Shika hatamu kwa mkono mmoja, fungua kwa mwingine, na usiliachie geti, maana likimpiga makalio hutalikaribia tena wiki nzima. Mguu wa upande wa geti unamsogeza mbali nalo, mguu wa upande wa pili unamrudisha karibu. Ukiweza kufungua, kupita na kufunga bila kuvutana, miguu yako imeanza kueleweka. Kwenye barabara ya murram ni hivyo hivyo: bodaboda au mkokoteni wa punda ukija, mguu wa ndani ya barabara ndio unaomsogeza farasi ukingoni.

Mchakamchaka

Huu ni mwendo wa midundo miwili: miguu ya mkingamo huenda pamoja, mbele kulia na nyuma kushoto, kisha jozi nyingine. Mdundo mmoja unainuka, mmoja unakaa. Usijiinue kwa kusimama kwenye vikuku. Acha mdundo ukurushe, peleka nyonga mbele kuelekea mikono, urudi taratibu. Kiasi cha kutoka tandikoni ni kidogo kuliko unavyodhani.

Ukizunguka, inuka wakati bega la nje la farasi linakwenda mbele. Hapo utakuwa umekaa pale mguu wake wa nyuma wa ndani unapokanyaga, na mguu huo ndio unaobeba kwenye kona. Umekosea? Kaa midundo miwili mfululizo, kisha endelea. Kubonyeza kwa mguu kufanyike unapokaa. Unapoinuka mguu wa chini utulie tu. Ukiona unarukaruka, usikaze chochote. Mrudishe kwenye kutembea, pumua, anza upya.

Kanta

Huu ni mwendo wa kasi kuliko mchakamchaka: farasi ana midundo mitatu na muda mfupi wa kuwa hewani. Ukienda kushoto, mguu wa nyuma wa kulia ndio unaoanza, kisha nyuma kushoto na mbele kulia pamoja, mwisho mbele kushoto. Ukilijua hilo, ishara zake hazihitaji kukaririwa: mguu wako wa nje unarudi nyuma kuuamsha mguu wake wa nyuma wa nje, mguu wa ndani unabonyeza kwenye mkanda kumpeleka mbele, na uzito unakaa kidogo zaidi kwenye mfupa wa ndani.

Omba ukiwa unaingia kona, kutoka kwenye mchakamchaka wa kukaa uliotulia. Akiongeza kasi ya mchakamchaka bila kuingia kanta, usimfukuze. Mtulize, omba tena. Wengi huinama mbele wakati wa kuomba, wakachungulia bega kuona ni mguu upi umetangulia, na kwa kuinama huko wanaulemea mguu ule ule waliotaka uinuke. Kaa wima, nyonga zifuate mbele na nyuma. Shoti ya wazi ngoja kwanza. Farasi akifika kilomita 40 na zaidi kwa saa, makosa madogo ya kukaa hayabaki madogo.

Nje ya uwanja

Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru ni majivu ya volkano, mwepesi na mlegevu. Baada ya mvua kubwa za Machi hadi Mei hubomoka na kuacha nyufa na mashimo mahali palipokuwa salama juzi, na mafuko nao wana vichuguu vyao. Palipo na nyasi ndefu usipojua chini kuna nini, tembea.

Ukipanda mlima, inamia mbele kutoka kwenye nyonga, shika singa, uache miguu ya nyuma ya farasi ifanye kazi. Ukiteremka, kaa wima, mguu chini yako, na umwelekeze moja kwa moja chini. Kwenye mteremko wa kuteleza, akipita kwa mshazari miguu ikamtoka ataanguka ubavu, na wewe chini yake.

Alasiri upepo wa Bonde la Ufa huamka, na farasi mtulivu wa asubuhi huanza kuona majini. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 vitisho vimepungua, ila magunia na mabati yaliyolegea bado yapo. Akishtuka, mwili wako utataka kujikunja mbele na kubana. Fanya kinyume: kaa chini, kisigino chini, mkono kwenye mkanda wa shingoni, pumua kwa sauti, na miguu iendelee kugusa bila kubonyeza. Akikimbia na kuna nafasi, mgeuze kwa duara kubwa na ulipunguze polepole. Usimvute ghafla kwenye kona kali, atateleza.

Jioni urudi mapema. Usubi unaoeneza ugonjwa wa Afrika wa farasi hutoka zaidi machweo, usiku na alfajiri, na pundamilia, ambao hatuwakosi huku, huwa na virusi vyake bila kuugua. Farasi awe amechanjwa, na giza limkute ndani ya zizi.

Farasi "mzito" na chuma cha kisigino

Farasi akiacha kujibu mguu, usikimbilie fimbo kubwa. Angalia kama tandiko linabana, mgongo una kidonda, kwato zimepita muda wa kukatwa, au meno yana ncha. Akipeleka masikio nyuma na kupiga mkia kila unapobonyeza, mwite daktari wa mifugo kabla ya mwalimu. Chuma cha kisigino, kile kinachofungwa kwenye kiatu ili kumchoma farasi kidogo, ni cha mtu ambaye mguu wake unatulia kwa mchakamchaka mzima bila vikuku. Kwa mwingine yeyote ni kumchoma mnyama bila kujua.

Ukitaka kujua unavyokaa, mpe mtu simu akurekodi kwa ubavu na kwa nyuma, dakika mbili za kila mwendo. Kwa nyuma ndiko utakuta nyonga moja imeshuka na kikuku kimoja kinaonekana kirefu.

Ukishuka, legeza mkanda wa tumbo tundu mbili, mtembeze kwa dakika 10 hivi, ndipo umvue tandiko. Kabla hujaufuta jasho, pitisha kiganja mbavuni pande zote mbili, pale kisigino chako kinapofikia. Manyoya yaliyosuguka upande mmoja tu yanaonyesha mguu upi ulikuwa unajishikilia. Wiki ijayo anza na huo, bila kikuku, kwenye kamba.